Ameshuka na Enterika

Steshen yetu ilikuwa ndogo, chumba kimoja cha mawe na paa la bati, upande huu wa daraja la mto Ruvu. Watu waliokaa karibu nayo hawakusema mashariki wala magharibi. Walisema juu na chini. Treni iliyotoka Dar es Salaam kwenda bara ilikuwa inapanda, na iliyotoka bara kuja Dar ilikuwa inashuka. Hata mtu anayekwenda Soga kwa miguu kununua chumvi, ukimuuliza aendako, alikuambia anashuka. Mimi niliolewa hapo, nikazoea kusema hivyohivyo.

Mume wangu Hilario alikuwa juu. Alifanya kazi kwenye genge la reli, wale wanaobadilisha mataruma na kukaza skrubu, na mwaka ule, kabla ya vita vya Hitla, genge lao liliwekwa kambi mbele ya Ngerengere. Kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani. Mwisho wa mwezi ule hakuja. Nikasema kazi imembana. Mtu akiniuliza nilisema kazi imembana, mpaka mdomo ukachoka kulisema hilo na moyo ukaacha kuliamini.

Siku moja nilikuwa bondeni napalilia mpunga na jirani yangu Sikudhani. Binti yangu Ursula, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, alilala juu ya khanga kwenye kivuli cha migomba. Nikamwona Mwinyimadi anakuja mbiombio, kofia yake ya kazi ameishika mkononi. Mwinyimadi alikuwa pota, mpagazi wa mizigo, pale steshen na rafiki wa Hilario wa siku nyingi, kwa hiyo aliniita shemeji. Alijivunia sana Kiingereza chake. Alikiokota relini, neno mojamoja, kama watu waokotavyo makaa yaliyodondoka kwenye injini.

"Shemeji, habari ya juu!"

"Ya Hilario?"

"Ya Hilario. Simu ya reli imelia sasa hivi. Steshen masta amepokea mwenyewe, akanigeukia, akasema nikwambie upesi. Amesema, Hilario hezi kamu dauni wizi Enterika."

"Wizi?" Sikudhani akadakia. "Hilario kaiba?"

"Nani kasema kaiba?"

"Si wewe! Umesema wizi, nimekusikia kwa masikio yangu."

"Wizi ya Kiingereza, mama we! Wizi yao ni 'na'. Tii wizi miliki, chai na maziwa. Kamu ni kuja, dauni ni chini. Mimi kila siku naandika ubaoni pale, apu treni, dauni treni. Nitakosea hilo? Hilario amekuja chini na Enterika. Ameshuka naye. Habari ndiyo hiyo."

"Enterika ndiye nani?" nikauliza.

Mwinyimadi akaivaa kofia, akaivua tena.

"Hapo mimi simo, shemeji. Hilo ni jina la kwenu Wakristo. Kwetu sisi hakuna Enterika."

"Masta hakusema jingine?"

"Alisema mengi, ila jino limemvimbisha shavu, maneno yanamtoka upande mmoja. Nimeshika lile la maana."

Akarudi kazini. Sikudhani akaegemea jembe lake, akanitazama.

"Wewe Laurentia, kuna Yosefina, sasa Enterika," akasema. "Kweli, majina yote ya kapu moja."

"Nyamaza, shoga."

"Nanyamaza. Lakini anayekuletea mwenzio akakutangulizia simu, ana adabu huyo. Anataka utandike vitanda viwili."

"Sisi Wakatoliki hatuna mke wa pili."

"Basi sijui atamwitaje."

Nilimbeba Ursula nikaenda steshen bila hata kunawa matope. Treni ya kushuka ilikuwa inatazamiwa mchana uleule. Steshen masta, Mgoa mmoja mnene, alikuwa mlangoni amefunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, mkono shavuni. Ningeweza kumwendea. Nilikuwa hatua chache tu. Lakini ningemuuliza nini? Bwana mkubwa, ni mwanamke gani huyo anayekuja na mume wangu? Aibu ilinishika miguu. Nikakaa kwenye mizigo ya watu, nikangoja.

Treni ilipoingia nilisimama nikapita kando ya mabehewa ya daraja la tatu, dirisha kwa dirisha. Nilitafuta kofia yake, ile iliyoungua ukingo kwa cheche. Nilimwona mwanamume mwenye shati la genge, amenipa kisogo, na pembeni yake mwanamke mwenye kilemba cha njano anamenya chungwa. Mtu yule akageuka. Hakuwa Hilario. Yule mwanamke akaniona namkodolea macho, akanipa kipande cha chungwa, akidhani nina njaa.

Walishuka wazee wawili na magunia yao, basi. Steshen masta akaingia behewani kwenda Dar kung'olewa jino, na aliyeletwa kumshikia kazi akateremka kutoka behewa lilelile. Filimbi ikalia. Treni ikaondoka, na mimi bado ninacho kipande cha chungwa mkononi.

"Hakushuka," nikamwambia Mwinyimadi.

"Hakushuka?" Alishangaa kweli. "Basi amepitiliza Dar."

Nilimwendea yule masta mgeni. Alisema hajui habari ya simu yoyote. Yeye ameikuta meza tupu.

Sikudhani aliposikia hakucheka tena. Akasema polepole, "Mtu akipita mlangoni kwake bila kubisha hodi, ana sababu, mwenzangu."

Siku zilizofuata sikujua nala nini. Niliunguza wali. Nilifua nguo nikazianua mbichi. Nikikaa naona nimechelewa kusimama, nikisimama sijui nakwenda wapi. Kila filimbi ya treni ya mizigo ilinikimbiza mlangoni. Nilimwendea katekista wetu nikamuuliza kama yuko mtakatifu aitwaye Enterika. Akakuna kidevu, akasema, "Simkumbuki, lakini Wajerumani walibatiza watu majina mengi." Hilo likanikaa vibaya zaidi. Nikaanza kumwona huyo mtu: mrefu, msomi kidogo, mzaliwa wa misheni za bara, anajua kushona kwa cherehani. Na jinsi nilivyozidi kumwona yeye, ndivyo sura ya Hilario ilivyozidi kunipotea.

Nikakata shauri kushuka Dar. Shangazi yake Hilario alikuwa na chumba Kariakoo, na kama mume wangu yuko mjini lazima atapita kwake kusalimu. Nilikaanga kambale, nikachemsha mihogo ya njiani, nikamwacha Ursula kwa Sikudhani.

"Ukimkuta," Sikudhani akaniambia, "usianze na matusi. Anza na shikamoo ya shangazi. Matusi hayaozi."

Siku ile treni mbili zilipishana pale kwetu. Ya kupanda iliingia kwanza ikasimama reli ya pembeni, ya kushuka ikaja baadaye. Tikiti yangu ya Dar nilikuwa nimeifunga kwenye ncha ya khanga. Nilikwisha weka mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa, kapu kichwani, ndipo nikasikia mtu anafoka nyuma yangu.

"Wewe! Bibi ya Hilario! Wewe iko hapa bado?"

Alikuwa steshen masta wetu. Ameteremka kwenye treni ya kupanda, shavu limenywea, kitambaa hana.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Wewe nakwenda wapi?"

"Dar es Salaam. Kumtafuta mume wangu."

"Dar!" Akajipiga paji la uso. "Bwana yako iko juu! Iko hospitali ya kambi, gonjwa sana! Wewe nashuka chini kutafuta nini?"

Sikuelewa. Niliyasikia maneno, lakini yalipita kama watu wasionijua. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye ngazi ya treni ya Dar.

Mwinyimadi alikuwa karibu na mkokoteni wa mizigo. Akauacha.

"Masta, mimi nilimwambia. Ulisema Hilario amekuja dauni."

"Mimi nasema dauni? Mimi nasema kamu dauni wizi!"

"Ndiyo hiyohiyo, masta. Kamu dauni wizi Enterika."

"Enteriki!" Masta akapiga kelele hadi abiria wakatoa vichwa madirishani. "Enteriki ni homa ya matumbo! Kamu dauni wizi ni kushikwa na gonjwa! Wao napiga simu, bibi yake aje upesi, hali mbaya. Wewe nafanya nini, Mwinyimadi? Wewe napeleka habari ya treni!"

Mwinyimadi akashusha mabega. Sikuwahi kumwona mtu mzima akisinyaa vile. Hakunitazama. Alinivua kapu kichwani, akavuka nalo reli mbio, na mimi nyuma yake, masta naye anampungia gadi wa treni ya kupanda angoje.

"Tikiti yake ya Dar," gadi akasema.

"Mimi nalipa!" masta akajibu. "Peleka huyu mama juu!"

Mwinyimadi alinipandisha, akanipa kapu dirishani. Treni ikaanza kwenda, naye akawa anatembea nalo dirisha, kisha akawa anakimbia.

"Shemeji, nilisikia dauni. Wallahi nilisikia dauni, nikajua ni treni!"

Nilitaka kumjibu neno. Tulikuwa tumekwisha ingia darajani.

Safari ile, jamani. Treni ilisimama kila mahali, ikanywa maji, ikapakia kuni, watu wakashuka na kuku wao bila haraka, wakaagana kama vile hakuna mtu duniani anayekata roho. Nilikuwa nimekaa na yale maneno ya masta, hali mbaya, aje upesi. Upesi ya lini? Simu ilipigwa kabla hajaenda kung'oa jino. Tangu hapo nimeunguza wali, nimekwenda kwa katekista, nimechagua khanga ya kuvaa mjini mbele ya mwanamke asiyekuwapo. Nikaanza kumwomba Mungu kitu ambacho sikujua kama kinaombeka. Nilimwomba Enterika awe mtu. Awe mwanamke, awe mzuri kunipita, awe amekaa naye mahali wanakula chungwa, ilimradi Hilario anakula.

Hospitali ya kambi ilikuwa banda refu lililopakwa chokaa, vitanda pande mbili. Dresa, msaidizi wa daktari, aliyenipokea alikuwa kijana mtulivu, jina lake Adamu, mwenyeji wa Kisarawe, na nilipotaja nitokako akanichangamkia kama ndugu.

"Wewe ndiye Laurentia? Dada, tumekungoja tukachoka. Twende."

"Yu hai?"

"Yu hai. Twende."

Nilimpita Hilario bila kumjua. Walikuwa wamemnyoa kichwa, na mashavu yameingia ndani. Adamu alinishika bega akanirudisha. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda nikamwita. Akafumbua macho, akanitazama kwa muda, halafu akageuzia uso ukutani.

"Hilario, ni mimi."

Akavuta shuka hadi sikioni.

Nikafungua kapu. Sikujua nifanye nini kingine. Nikatoa muhogo. Adamu akaurukia.

"Hapana, dada! Rudisha hiyo. Utumbo wake umechubuka ndani, umekuwa mwepesi kama khanga iliyochakaa. Kitu kigumu kikipita kitautoboa, na ukitoboka hatuna la kufanya. Maji ya wali tu, kijiko kwa kijiko. Na wiki hii ndiyo wiki ya hatari yenyewe."

Nikaufunga muhogo ule kama mtu anayefunga nyoka.

Ndipo Hilario akasema, bado anatazama ukuta, sauti kama karatasi, "Waliniambia umepelekewa habari. Kila treni nilisikia. Nikajua umekataa."

"Sikukataa. Niliambiwa umeshuka."

"Nimeshuka wapi?"

"Umeshuka na Enterika. Nilikungoja steshen. Leo nilikuwa nakufuata Dar."

Adamu alielewa papo hapo, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika kwa kicheko. Aliponiona uso wangu akaacha.

"Samehe, dada. Si kosa la mtu. Maneno ya hawa Wazungu yana mikia. Kamu peke yake ni kuja. Kamu dauni ni kushuka, mpaka hapo pota wenu alikuwa sawa. Ukiunga na wizi, safari imekufa. Hakuna aliyekwenda popote. Mtu ameugua, na kinachotajwa mwisho ni ugonjwa wenyewe."

"Kwa nini wasiseme ameugua?"

"Wanasema pia. Lakini wakizungumza wenyewe kwa wenyewe husema hivyo, ndiyo mazungumzo yao ya kila siku. Chukua puti, kuweka. Puti apu, kuweka juu. Puti apu wizi, kuvumilia! Nilipoanza kazi sista aliniambia hawezi kuputi apu wizi kelele za wagonjwa, nikaenda kumletea ngazi. Chukua rani, kukimbia. Siku moja daktari akasema tumerani auti ofu kwinini. Auti ni nje, basi nikatoka mlangoni kutazama nani anakimbia nayo. Kumbe dawa imekwisha kabatini."

Alikuwa anasema na mimi, lakini jicho lake lilikuwa kwa Hilario. Na Hilario, polepole sana, kama kila mfupa una uzito wake, aliugeuza uso kutoka ukutani.

"Mwinyimadi," akasema. Hilo tu. Kisha akalala.

Nilikaa pale kitandani na kikombe cha maji ya wali. Alimeza kidogo, akatapika, akameza. Homa ilimpanda hadi akawa anahesabu mataruma kwa sauti, anamwamrisha mtu asiyeonekana apishe treni. Nilimwambia njia ni nyeupe, treni imepita. Akitulia nilimwekea mkono kifuani kuhakikisha ametulia tu.

Asubuhi daktari Mzungu alipita, Adamu nyuma yake na sinia la dawa. Daktari alimbonyeza Hilario tumbo, akamtazama ulimi, akashika mkono akatazama saa yake. Halafu akasema na Adamu, si na mimi, na mimi niliyashika maneno kama yalivyotoka: hi wili geti ova iti.

Akaenda kitanda kingine. Adamu akamfuata.

Basi nikabaki na maneno hayo. Geti nililijua. Geti ndilo lile la mbao nyuma ya banda, na jana yake tu nimeona mtu aliyefunikwa shuka akitolewa kwa geti hilo, wenzake wa genge wamembeba bila kusema. Na ova nililijua, Hilario alikuwa akilitaja kila mwezi, ovataimu, saa za baada ya kazi kwisha. Geti, na kwisha. Nikajiambia, Laurentia, usitafsiri. Umeona Mwinyimadi alivyotafsiri. Lakini kichwa hakikunisikia. Kiliyapanga maneno yale, kikayapangua, na kila yalipopangika yalimtoa mume wangu nje kwa mlango wa nyuma.

Adamu alikuwa upande wa pili, ameshika taa ya mkono daktari anamchungulia mtu koo. Nilimwita. Akanipungia nisubiri. Nilimwita tena, kwa sauti, hadi sista akanigeukia na uso wa kutoweza kuvumilia. Sikujali. Nilinyanyuka nikavuka katikati ya banda, nikamshika Adamu mkono wa shati.

"Amesema geti."

"Dada, nangojewa."

"Geti ova. Anatoka? Niambie kama anatoka, nimwite padri."

Adamu alinitazama, akaona kuwa sitamwachia. Akainama kidogo, akasema taratibu kama anavyosema mtu na mtoto aliyeamka kwa ndoto mbaya.

"Si geti ya mlango. Geti ni kupata. Geti ova ni kuvuka. Kuuvuka ugonjwa, uwe nyuma yako. Amesema atapona."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo."

"Hakuna mkia mwingine nyuma yake?"

"Hakuna. Mwisho ni iti, ndiyo homa yenyewe. Ila si leo wala kesho, na ukimpa muhogo hataivuka. Niachie shati sasa."

Nikarudi kitandani. Hilario alikuwa macho, amenitazama muda wote nikivuka na kurudi, na nilijua kwamba naye ameliona geti lile la mbao jana, kama mimi.

"Mzungu kasemaje?"

"Utapona."

"Nani kakutafsiria?"

"Adamu."

Akafikiri. Midomo ilikuwa imempasuka, akailamba.

"Nenda kamuulize tena," akasema.

Nikaenda. Sista alinifokea kwa lugha yake, maneno marefu yenye mikia mingi, nikamwacha aseme. Nikamuuliza Adamu tena, na Adamu, bila kugeuka, akaniambia lilelile. Nikarudi nikamwambia Hilario lilelile. Hapo ndipo alipofumbua kinywa, nami nikachota kijiko cha kwanza cha siku ile.